Mkanda wa mashine: kukaza sio dawa ya kila kitu

Simu iliingia jioni, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga pale Pasua, Moshi. "Mwalimu njoo uangalie, maana mimi saa hizi naona nalifanyia kazi duka la mikanda." Ameshabadilisha seti tatu ndani ya miezi miwili na kila fundi anayekuja anafanya kitu kilekile, analegeza bolti za mota, anairudisha nyuma, anakaza mpaka ukiugonga mkanda unalia kama ngoma, anachukua hela yake anaondoka. Sisi wa idara ya mitambo chuoni tunapigiwa sana simu za namna hii kipindi cha mavuno, ndo maana nimeamua niliandike hili liwafikie na wengine.

Nilipofika kitu cha kwanza ni harufu, raba iliyoungua, alafu chini ya puli (gurudumu lenye mfereji unaopita mkanda) kuna vumbi jeusi kama masizi, hiyo ni mikanda yenyewe inaisha. Nikagusa nyumba ya beringi ya mota, pale shafti inapokalia ikizunguka (ilishazimwa jamani, usiguse kitu kinazunguka), nikatoa mkono haraka kwa joto.

Sasa twende taratibu. Wengi wanadhani mkanda unapeleka nguvu kwa sababu umekazwa. Ukikaza mkanda mashine ikiwa imezimwa pande zote mbili zinavuta sawasawa na hakuna kinachoenda popote. Mota ikianza kuzungusha, upande mmoja unavutwa unakaza zaidi na wa pili unalegea, na kinachozungusha kinu ni ile tofauti ya pande mbili basi, zidisha hiyo tofauti kwa kasi ya mkanda unapata nguvu inayofika kwenye kinu.

Na mkanda unashikaje puli? Wanaokata miti kule Kibosho wanajua hii bila darasa. Gogo linashushwa bondeni, kijana anazungusha kamba kwenye shina la mti mara mbili tatu alafu analizuia kwa mkono mmoja. Kila mzunguko unaoongeza, ushikaji haujumlishwi, unazidishwa. Mkanda nao ni hivyohivyo, ila wenyewe unapata nusu mzunguko tu kwenye puli, wakati mwingine hata haufiki, kwa hiyo ikabidi watu watafute ujanja mwingine. Ujanja ndo umbo la V. Mkanda unaingia kwenye mfereji kama kabari kwenye gogo, ukivutwa unajibana mashavuni, na ushikaji unakuwa kama mara 3 ya mkanda bapa kwenye puli laini kwa mkazo uleule. Ila angalia, mashavuni! Mkanda wa V hautakiwi kugusa chini ya mfereji. Ukiona chini ya mfereji panang'aa kama sufuria jipya ujue ama puli imelika ama mkanda umeisha na unakaa chini, hapo hata ukaze mpaka kesho utateleza tu.

Kwa mama mfereji ulikuwa mzima. Nikauliza puli hizi ndo zilikuja na mashine? Kijana wake anayesaga akasema hapana, zile za mwanzo moja ilipasuka mkono, fundi akaleta hizi ndogo kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Mwanzo kwenye mota ilikuwa inchi 10 na kwenye kinu inchi 5, sasa hivi ni 6 na 3. Na kwa kweli yule fundi hesabu alipiga, tusimwonee. 10 kwa 5 ni mara mbili, 6 kwa 3 ni mara mbili, mota inazunguka mara 1440 kwa dakika na kinu kinapata karibu 2880 vilevile kama zamani. Unga unatoka vilevile, kwa hiyo nani angeshuku puli?

Tatizo ni kwamba mizunguko imebaki ileile lakini kasi ya mkanda wenyewe imeshuka. Puli ya inchi 10 ikizunguka mara 24 kwa sekunde mkanda unakimbia kama mita 19 kwa sekunde. Ya inchi 6 unakimbia mita 11 na nusu tu. Mota ni ileile ya hospawa 10, mzigo uleule, sasa mkanda ukienda polepole inabidi uvute kwa nguvu zaidi ndo upeleke kazi ileile. Mwanzo ile tofauti ya pande mbili ilikuwa kama uzito wa kilo 40, saa hizi imefika kilo 66. Na beringi haibebi tofauti, inabeba jumla ya pande zote mbili, ukichukulia upande uliokaza unavuta mara 5 ya uliolegea, ambacho ndo kipimo cha kawaida kwa mikanda ya V, mwanzo beringi ilikuwa inavutwa na kilo 60, sasa hivi kama 100. Hapo bado mafundi hawajaja na spana zao kuongeza! Juu ya hapo mikanda yake ni ya saizi B, ule wenye upana wa milimita 17, na mkanda wa B hautakiwi kupindishwa kwenye puli ya inchi 3, ni ndogo mno, unakunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara kwa saa, unapata joto unapasuka kwa ndani.

Kwa hiyo alikuwa anauziwa mikanda wakati ugonjwa uko kwenye puli. Akanyamaza kidogo, akamgeukia kijana, "na ile kubwa nzima iko wapi?" Iko nje, inazuia geti.

Tulipata nyingine ya inchi 5 Arusha, ile ya geti ikaoshwa ikarudi kazini, na mikanda ikanunuliwa mirefu zaidi maana puli zimekua (namba baada ya herufi B ni urefu wa ndani kwa inchi, msiende dukani bila kuisoma). Ukibadilisha badilisha yote kwa pamoja, ukichanganya mpya na wa zamani ule mpya ndo unabeba mzigo peke yake. Legeza mota ndo uvishe, usiulazimishe na bisibisi, unakata nyuzi za ndani na hutaona kwa nje. Vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili uone zimekaa mstari mmoja. Mkazo pima kwa kubonyeza katikati, kwa kila mita moja kutoka puli hadi puli ushuke kama milimita 16, ikiwa nusu mita basi 8, alafu kesho yake pima tena kwa sababu mkanda mpya unanyooka. Na wale mnaomwagia soda ili ushike, hapana, inashika dakika mbili alafu inakuwa gundi ya vumbi.

Kwenye kava la kufunika mkanda ndo nilikuwa mkali. Mita 19 kwa sekunde ni karibu kilometa 70 kwa saa, kasi ya Noah ikitoka Boma Ng'ombe, na hapo wateja wanapita na khanga wamebeba na watoto mgongoni. Fundi wa kuchomelea akaweka fremu ya nondo na wavu, siku moja tu kazi imeisha.

Juzi nimepita pale, beringi unaishika bila wasiwasi. Mikanda ya akiba imetundikwa ukutani imejaa vumbi la unga, bado haijahitajika. Nikamwambia tu aitoe kwenye ule msumari, inakunjika sehemu moja, bora ailaze juu ya ndoo.