Jina la Fundi Lisafiri na Kazi Yake

Kiondo kinachouzwa katika Soko la Kariokor jijini Nairobi kimepita mikono mingi kabla ya kumfikia mnunuzi. Nyuzi zake zilisokotwa Ukambani au Taita, kitako chake kikaanzwa na mama mmoja aliyekimaliza wiki kadhaa baadaye baina ya shughuli za shamba na za nyumbani, kikapakiwa kwenye basi pamoja na vingine vingi, kikafika sokoni bila mikanda, na hapo mafundi wa ngozi wakakitia vishikio, bitana na kifungo. Nembo, ikiwapo, hutiwa katika hatua hii ya mwisho, na kwa kawaida huwa ni nembo ya mfanyabiashara. Mnunuzi akiuliza kimetoka wapi, ataambiwa kimetoka Machakos au Kitui. Akiuliza kimesukwa na nani, mara nyingi hakuna anayejua.

Yanayowasumbua mafundi wa vijijini husemwa sana: ukosefu wa mtaji, barabara mbovu, soko lisilotabirika, madalali. Yote hayo ni kweli na yanahitaji kushughulikiwa. Lakini liko jambo lisilosemwa vya kutosha, nalo ni kwamba mafundi hawa hupoteza pia kwa kutotajwa. Kazi isiyo na jina la aliyeifanya hulipiwa malighafi na jasho tu, tena kwa bei anayoipanga mwenye gari la kuipeleka mjini; kazi yenye jina hulipiwa ustadi, na mteja aliyeridhika huweza kumtafuta fundi huyo huyo mara ya pili. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na uhifadhi na elimu ya sanaa za mikono tunawaomba wakazi wa Nairobi, ambao ndio wanunuzi na wasambazaji wakubwa wa kazi hizi, walichukulie jina la fundi kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Mazoea ya kuliacha jina nyuma hayakuanza jana. Katika enzi ya ukoloni, vitu vingi vilivyokusanywa kwa ajili ya majumba ya makumbusho viliandikiwa jina la kabila, jina la wilaya na jina la mzungu aliyevikusanya. Aliyechonga kigoda au kufinyanga chungu hakuandikwa, kana kwamba kabila zima lilikaa chini ya mti mmoja likakichonga kwa pamoja. Soko la watalii lililofuata liliendelea na mtindo huo huo: kazi ikawa "ya Kimasai", "ya Kikamba" au "ya Kisii", na fundi akabaki bila jina. Hata leo, katika Soko la Maasai linalohamahama jijini kulingana na siku ya wiki, sehemu kubwa ya bidhaa zilizotandazwa si za Wamasai, na wauzaji wengi si mafundi.

Ilhali historia yenyewe inaonyesha jinsi mtu mmoja anavyoweza kubadilisha maisha ya kijiji kizima. Uchongaji wa vinyago vya kuuza katika Wamunyu, Kaunti ya Machakos, unahusishwa na Mutisya wa Munge, ambaye husimuliwa kuwa alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, ukaenea kwa jamaa na majirani hadi Wamunyu ikawa kitovu cha uchongaji nchini, na wachongaji wa huko wakautawanya mpaka Mombasa na Nairobi. Huko Kisii, Elkana Ong'esa alilitoa jiwe la machimbo ya Tabaka kutoka kwenye meza za zawadi ndogo ndogo akalifikisha katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ambako sanamu yake ya ndege wa amani imewekwa. Hawa wawili wanajulikana kwa sababu majina yao yalihifadhiwa. Wengine wenye mikono mizuri vilevile hatuwajui, na wengi wao wako hai.

Tabaka panastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu wengi wetu tumenunua jiwe la Kisii na ni wachache wanaojua linavyofika hapa. Jiwe hilo, ambalo wengi huliita jiwe la sabuni, lina madini mengi ya talki, mojawapo ya madini laini kuliko yote, na ndiyo sababu linakubali kuchongwa kwa panga, kisu na tindo. Huchimbwa kwa mikono, kwa majembe na mitaimbo, katika mashimo ambayo kuta zake hulegea msimu wa mvua na huweza kumwangukia mchimbaji. Hutoka kwa rangi mbalimbali: jeupe, la manjano iliyofifia, la waridi, la kijivu. Mchongaji hulikata umbo la kwanza kwa panga, akiligeuzageuza mkononi na kuusoma mshipa wa jiwe, maana pigo moja likiufuata mshipa mbovu, kazi ya asubuhi nzima hupasuka vipande viwili. Baada ya hapo kazi huingia mikononi mwa wanawake. Wao hulisugua jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji, wakianza na msasa wa chembe kubwa na kumalizia na ule laini kabisa, mpaka alama zote za kisu zimetoweka; kisha hulianika juani na kulipaka nta ili ling'ae. Sahani na visanduku vyenye rangi nyekundu, buluu au nyeusi hupakwa rangi kwanza, halafu mtu mwenye mkono mtulivu hukwangua maua, twiga au mistari kwa ncha ya chuma, na weupe wa jiwe hujitokeza chini ya rangi.

Kwa hiyo bakuli moja lina mafundi wasiopungua watatu: mchimbaji, mchongaji na msuguaji, na mara nyingi yuko wa nne aliyechora. Tunaposema jina la fundi tunamaanisha hao wote. Wanawake wanaosugua ndio husahaulika zaidi, na malipo yao huwa madogo, ingawa mnunuzi anapolipapasa bakuli na kulisifu kwa ulaini, anachosifu hasa ni kazi yao. Maji ya beseni hilo yana faida nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Jiwe likikatwa au kusuguliwa kavu hutoa vumbi jepesi linaloingia mapafuni, na vumbi la mawe huleta maradhi ya kudumu ya kupumua kwa mtu anayelivuta mwaka baada ya mwaka. Kuliloanisha jiwe, kufanyia kazi mahali penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa ni hatua ambazo kila kikundi cha wachongaji kinaweza kuanza nazo, na mnunuzi mkubwa anayeagiza mzigo mzima ana wajibu wa kuziulizia.

Upande wa miti, jina la fundi linapaswa kuandamana na jina la mti. Kwa miongo mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu, miti migumu yenye mbao nzito ambayo hukua polepole sana. Muhugu humea hata katika misitu ya Karura na Ngong hapa Nairobi. Miti hiyo ilipoadimika, mafundi waligeukia miti inayokua haraka au inayopandwa mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Huu ni uamuzi mzuri, nasi tunauunga mkono kwa dhati. Kinachotusikitisha ni pale mjakaranda unapopakwa rangi nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Mnunuzi hudanganyika, na fundi aliyechonga mjakaranda kwa ustadi hunyimwa sifa anayostahili, kwa sababu mti huo una masharti yake: ukichongwa mbichi na kuharakishwa juani hupasuka, kwa hiyo anayeujua huukausha polepole kivulini. Kadi yenye kusema ukweli kwamba kinyago ni cha mwarobaini au mjakaranda huonyesha pia kwamba hakuna mpingo uliokatwa kwa ajili yake.

Sheria za Kenya ziko upande wa fundi kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua kazi za mikono za matumizi kuwa miongoni mwa kazi za sanaa, hivyo mchongaji au msusi aliyebuni kazi yake mwenyewe ana hakimiliki tangu alipoitengeneza, bila kulazimika kusajili popote, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambao ni wa hiari na hufanyika kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, humpa ushahidi atakaouhitaji iwapo mgogoro utatokea. La muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba sheria hiyo inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki hiyo hubaki kwake hata baada ya kuiuza au kuihamisha hakimiliki kwa mtu mwingine. Duka linalobandua jina la fundi na kubandika la kwake linagusa haki ambayo fundi hakuiuza.

Hapa pana mpaka unaohitaji kueleweka. Hakimiliki ya mtu mmoja inahusu ubunifu wake yeye. Ruwaza za jadi, kwa mfano mpangilio wa rangi za shanga wenye maana ya rika au hadhi miongoni mwa Wamasai, hazimilikiwi na mtu binafsi. Ni mali ya jamii, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016. Sheria hiyo inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara apate kwanza ridhaa ya jamii husika, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha maarifa na semi hizo. Ilitungwa kutimiza ahadi iliyomo katika Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010, kinacholitaka Bunge kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Mbunifu wa mavazi wa Nairobi anayetaka kuchapisha ruwaza hizo kwenye vitambaa atafanya vyema kuanzia kwa jamii yenyewe na ofisi ya utamaduni ya kaunti kabla ya kwenda kiwandani.

Kwa vikundi, ipo pia alama ya biashara ya pamoja, ambayo husajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya na kutumiwa na wanachama wote wanaotimiza masharti ya ubora waliyojiwekea. Wasusi wa Taita wameitumia njia hii kwa vikapu vyao. Umuhimu wake ulionekana kati ya mwaka 2006 na 2008, pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili huko jina la kikoi, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Pingamizi liliwekwa na Wakenya wakishirikiana na watetezi wa biashara ya haki wa Uingereza, na ombi hilo halikufaulu. Kama hakuna ambaye angelipinga, mfanyabiashara wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi huko kwa jina lake.

Kinachohitajika kwa kuanzia ni kidogo. Kadi ya karatasi nzito iliyofungwa kwa uzi inatosha, ikiwa na jina la fundi au mafundi, kijiji na kaunti, aina ya malighafi, na mwaka kazi ilipomalizika. Jiwe linaweza kuchorwa jina chini ya kitako, chungu cha wafinyanzi wa Ilesi, Kaunti ya Kakamega, kikatiwa alama kabla ya kuchomwa, kinyago kikapigwa herufi mbili chini ya unyayo. Fundi aulizwe kwanza anataka kutajwa vipi, kwa kuwa wapo wanaopendelea jina la kikundi, na wapo wasiotaka jina lao kamili kusambaa. Namba ya simu isiandikwe bila idhini yake. Anayenunua kwa jumla asikate kadi hizo ili kumficha mteja asijue chanzo. Mkataba mfupi wa maandishi unaweza kulilinda soko lake bila kulifuta jina la mtu.

Vikundi navyo viweke daftari. Kila kazi inayotoka iandikwe nambari, aliyeifanya, aliyeinunua na bei, na ikiwezekana ipigwe picha kwa simu kabla haijapakiwa. Daftari hilo ndilo litakalothibitisha ubunifu ni wa nani endapo ruwaza itaonekana kwenye kiwanda cha ng'ambo, na ndilo litakalomsaidia katibu kujua ni kazi za nani zinazotafutwa na wateja. Nakala moja ibaki kijijini, na nyingine ikabidhiwe ofisi ya utamaduni ya kaunti, ili daftari likilowa mvua au katibu akibadilishwa, kumbukumbu isipotee.