Chokaa haichemki kwa moto wa tanuri

Lamu utaambiwa kwamba chokaa ikimwagiwa maji huchemka kwa moto wa tanuri uliobaki ndani. Sivyo. Liache bonge la chokaa lililotoka tanurini lipoe wiki nzima pakavu, liwe baridi kama jiwe la kisimani, kisha limwagie maji: litafoka mvuke, litapasuka, litakuwa unga. Joto hilo latokana na oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa yenyewe iliyochomwa, kuungana na maji. Moto wa tanuri, nyuzi 900 hivi, kazi yake ni kufukuza gesi ya kaboni dioksidi kwenye matumbawe yanayochomwa kuwa chokaa. Lipu ya chokaa nayo haikauki tu. Huivuta gesi ileile hewani, polepole, ikarudi kuwa jiwe. Chokaa ikiingia jichoni, hata ikiwa baridi, huunguza: suuza papo hapo kwa maji mengi, kisha hospitali.