Jaguar E-Type ya umeme: uzito umekaa wapi?

Wengi waliiona Windsor, Uingereza, Mei 2018, Mwanamfalme Harry na Meghan wakiondoka nayo siku ya harusi: gari la michezo la Jaguar, E-Type ya buluu ya fedha, isiyotoa moshi. Watu waliniuliza kasi yake. Mimi kazi yangu ni springi na shokapu, kwa hiyo niliangalia uzito.

E-Type ilizinduliwa Geneva mwaka 1961. Umbo lake alilichora Malcolm Sayer, mtu aliyetoka kwenye viwanda vya ndege na aliyetafuta kila mkunjo kwa hesabu. Katikati ni ganda la bati lililochomelewa. Mbele yake imefungwa kwa bolti fremu ya vyuma vya mraba, nayo ndiyo inayobeba injini ya silinda sita pamoja na mfumo wa magurudumu ya mbele. Springi, breki, usukani, vyote vilipangwa kufuata uzito wa injini ile, pale ilipokaa.

Ukitaka gari hili litumie umeme na liende mbali, utashawishika kujaza betri kila penye upenyo. Hapo umeliua. Uzito ukipanda utabadili springi, springi zitadai breki kubwa, breki zitadai magurudumu mapana, na mwisho utakata bodi ya Sayer ili yaingie.

Mafundi wa Jaguar kule Coventry hawakwenda huko. Katika E-Type Zero waliyoionyesha 2017, ndiyo ile ya Windsor, betri ya kWh 40 (kiasi cha umeme inachohifadhi) ina vipimo vya injini ya zamani na uzito unaokaribiana nayo, na imekaa palepale chini ya boneti. Mota yenye nguvu ya kW 220 imelala nyuma yake, mahali pa giaboksi, ikizungusha shafti hadi kwenye difu ya nyuma, inayogawa nguvu kwa magurudumu. Gari zima lilipungua kilo 46! Springi na breki hazikuhitaji kusukwa upya, na injini ya petroli inaweza kurudishwa bila kukata chochote.

Umbali ni takriban kilomita 270 kwa chaji moja. Wapo wanaouona mdogo. Kwangu ni gharama ya haki kabisa ya kuuacha uzito palepale.

Mngurumo wa silinda sita umeondoka, na hilo linaniuma kweli. Kwa hiyo mwenye E-Type anayefikiria umeme namsihi jambo moja: injini ikishatolewa asiiuze. Aipake mafuta, aifunike, aitunze pamoja na giaboksi na kabureta zake.