Upande dhaifu wa CD si ule unaong'aa
Wengi tulikua na onyo moja: usiguse upande unaong'aa wa CD, data iko huko. Ndiyo maana mtu huilaza mezani kifudifudi, lebo ikiwa chini. Hapo ndipo anapoiumiza.

CD iliingia sokoni mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony, ikiwa ya muziki. Baadaye ikaja CD-ROM ya kompyuta, yenye uwezo wa megabaiti 650 hivi. Unene wake ni milimita 1.2, na karibu wote ni plastiki angavu. Vishimo vinavyobeba data viko juu kabisa ya plastiki hiyo, vimefunikwa na utando mwembamba wa alumini, kisha vanishi, kisha lebo. Basi! Kati ya ncha ya kalamu yako na data hakuna hata sehemu ya kumi ya milimita.

Kwa chini, upande unaong'aa, mwale wa leza unaoisoma CD huingia ukiwa bado mpana, ukakusanyika kuwa nukta unapofika kwenye alumini. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo hauusumbui sana, na data inayokosekana hukokotolewa upya. Mikwaruzo inayozunguka ndiyo mibaya, hivyo futa kutoka katikati kwenda ukingoni.

Lakini alumini ikibanduka, hakuna polishi ya kuirudisha. Inua CD ya zamani mbele ya taa: palipo na vitundu vya mwanga, data imeondoka.

DVD ni habari nyingine, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili.