Huruma ya mtumishi wa umma si kupindisha kanuni

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba karani mwenye huruma ni yule anayefumbia macho kanuni, na kwamba mtumishi mwadilifu hana budi kuwa mkavu. Imani hiyo inachanganya huruma na upendeleo. Upendeleo humpitisha mtu mmoja mlango wa nyuma. Huruma huuliza kwa nini foleni ya mbele haisogei.

Usajili wa vizazi Tanzania Bara ni mfano mzuri. Zamani mzazi aliyehitaji cheti cha mtoto alilazimika kufunga safari hadi ofisi ya wilaya, akilipa nauli na ada, na pengine kuambiwa arudi siku nyingine. Mwaka 2013, kwa kuanzia na Mbeya, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ilianza kuusogeza usajili wa watoto walio chini ya miaka 5 hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikiandikwa kwa mkono na kutolewa bila malipo. Hapo hakuna aliyependelewa, kwa kuwa utaratibu ulibadilishwa kwa wote. Mama aliyekuja kliniki na mtoto mgongoni angeweza kuondoka na cheti mkononi.