Mdalasini, vidonge vya homoni na hedhi isiyokatika

Wiki iliyopita kaja dada mmoja kliniki hapa Chake Chake, Pemba, katokea Micheweni, kakaa kitini akatoa kwenye mkoba chupa ya nusu lita imejaa maji ya kahawia, akanambia daktari dawa yangu hii, mdalasini, tangawizi na uwatu, nachemsha kila asubuhi miezi minne sasa. Nikamuuliza damu inakujaje. Akasema siku 12, mara nyengine 15, mabonge yanatoka na usiku anatandika kanga mbili bado godoro linaroa. Viganja vyeupe, na huku tunazungumza anatafuna mchele mbichi kaufunga kwenye pindo la kanga. Ile hamu ya mchele, udongo au barafu si uroho jamani, mara nyingi ni mwili umeishiwa madini ya chuma. Tulipompima himoglobini, yaani wingi wa damu, ikawa 6.1, na mwanamke asiye mjamzito tunataka afike 12.

Sikumkemea kuhusu ile chupa. Mie mwenyewe nimekulia na mdalasini, na tangawizi imejaribiwa kule Iran kwa wasichana wa skuli wenye hedhi nzito na damu ikapungua, mdalasini nao umejaribiwa kwa wanawake ambao mayai yao hayapevuki sawasawa wakaanza kuona siku zao kwa karibu zaidi. Lakini tafiti zenyewe ndogo, watu wachache, na hakuna hata moja inayosema mdalasini unatoa uvimbe. Na dada huyu alikuwa na uvimbe! Altrasaundi ilionesha umechomoza ndani kabisa ya mji wa uzazi, pale pale ukuta unapobomoka kila mwezi. Miezi minne ya chupa imempita na damu inakwenda.

Ndo maana mtu akiniuliza miti shamba au homoni, mie namuuliza kwanza damu inatoka kwa sababu gani. Ipo mimba iliyoharibika, kwa hiyo kipimo cha mimba kwanza hata kama umekataa mara tatu. Upo uvimbe, ipo tezi ya shingo, wapo ambao damu yao haigandi vizuri tokea wavunje ungo, na ukipita miaka 45 au hedhi ishakoma kisha damu ikarudi, hiyo usichemshie kitu, njoo tuangalie saratani. Kisha wapo wengi ambao yai halikupevuka: homoni moja inajenga ukuta wa mji wa uzazi, ya pili ya kuutuliza haiji, ukuta unakuwa mnene mpaka unaanguka ovyo ovyo, miezi miwili hakuna kitu halafu mafuriko. Hawa ndo homoni inawafaa hasa, maana inaleta kile kilichokosekana.

Najua khofu ya vidonge vya majira, vile vya homoni vya kupanga uzazi, ati vinaleta utasa. Haviharibu kizazi, ukiacha mayai yanarudi kupevuka. Ila si vya kila mtu: mwenye presha, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, asijinunulie dukani. Kitanzi chenye homoni kinapunguza damu kuliko dawa zote za kunywa, lakini kile cha shaba kinaizidisha, na sindano na kijiti miezi ya mwanzo vinaweza kuleta matone matone yasiyo na mpango. Na zile dawa za kuzuia siku ili mtu akamilishe Ramadhani, kila mwaka napokea wanaovuja baada ya Idi, tafadhali ulizeni kabla ya kumeza.

Ipo na dawa isiyo homoni kabisa, asidi ya traneksamiki, unakunywa zile siku za damu tu na inapunguza karibu nusu. Aliyeigundua Japani miaka ya 1960 ni mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mumewe. Aspirini kwa maumivu ya hedhi ndo muiache, inazidisha damu.

Wengine wanasubiri zipite siku 15 kwa sababu ndo mpaka wa hedhi kwa madhehebu yetu ya Shafi, zikizidi wanajua ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, wanatawadha wanasali. Mambo ya sala waulizeni mashekhe, lakini kwa hospitali 15 ni nyingi mno, zikipita 8 njoo, na ukiwa unabadilisha pedi kila saa moja au mbili njoo siku ileile.

Dada wa Micheweni tulimlaza tukamtia chupa mbili za damu, na uvimbe kapangiwa kutolewa. Siku ya kuondoka akaniuliza, na mdalasini wangu niumwage? Nikamwambia kunywa mamangu, ila kidonge cha chuma umeze na maji ya ndimu kabla ya kula, chai ya aina yoyote ingoje masaa mawili, maana chai inakizuia chuma kisiingie mwilini.