Kitanda cha Kufumia: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaotamani kujifunza kufuma nguo kwa mkono huahirisha mwaka hadi mwaka, wakiamini kwamba lazima kwanza wapate kitanda kikubwa cha mbao chenye kanyagio, kumbe kazi ya msingi ya kitanda chochote ni kushika nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zikiwa zimekazwa ili mshindio, uzi wa kukingama, upite katikati yake. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walifuma nguo za pamba kwenye kitanda kilicholazwa chini, nao wafumaji wa Guatemala hadi leo hufunga ncha moja ya mtande kwenye mti na nyingine kiunoni, wakiukaza kwa kuegemea nyuma tu. Anayeanza hutoshwa na fremu ya mbao yenye misumari.

Wala si kweli kwamba kitanda kidogo hakizai nguo pana: kitambaa cha kente cha Ghana hufumwa kwa vipande vyenye upana wa takriban sentimita 10, vikaunganishwa kwa kushonwa hadi mtu mzima akajitanda.

Dhana inayogharimu zaidi ni kwamba uzi wowote unafaa. Mtande ndio unaobeba mkazo wote na kusuguliwa kila mshindio unapopigwa, kwa hiyo uzi laini wa sweta, ambao ni mzuri kabisa kwa mshindio, huweza kufumuka na kukatika ukiwa mtande. Uvute kwa mikono miwili. Ukiachana, uweke kando. Mwenye fedha kidogo, kwa maoni yangu, azitumie kwenye uzi kabla ya mbao.

Kisha kuna lawama ambayo kitanda hubebeshwa bure, ya kingo za kitambaa kuingia ndani kadiri kazi inavyosonga mbele. Mshindio hupanda na kushuka katika kila uzi wa mtande, hivyo huhitaji urefu unaozidi upana wa kitambaa, na ukivutwa hadi ukanyooka huzikokota kingo. Dawa yake ni kuulaza kwa mshazari au kama upinde, ndipo upigwe. Hata hivyo upana utapungua kidogo, na utapungua tena kitambaa kikifuliwa, kwa hiyo anayetaka sentimita 30 atande zaidi ya hapo.